Mke Wangu wa Meno Manne

Dilala, Kolwezi
11 mwezi wa pili 2024

Mume wangu Mechack, kichwa kisicho na kufuli,

Mimi nimeamka, goti la kushoto bado. Kama na wewe umeamka kabla ya saa nne, basi Johannesburg imekubadilisha na nitawasha mshumaa kanisani. Baba yako Baudouin bado anaendesha lori la dampa kule mgodini na anarudi na vumbi mpaka ndani ya masikio. Mama yako Laure amepaka nyumba rangi ya kijani, ile ya maji ya shimo la mgodi. Ufa wa sebuleni, ule unaorefuka kila wakilipua mawe, nao ameupaka kijani. Anasema sasa hauonekani. Unaonekana.

Barua yako ya Noeli ilifika na Philippe, yule dereva wa lori la shaba, baada ya kulala mpakani Kasumbalesa kwenye foleni mpaka akajuana na mbuzi wa pale. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mwisho wake. Umenisalimia, umeanza habari za mwalimu wako wa upimaji ardhi, umekumbuka mbwa mmoja wa jirani, kisha umeniacha katikati ya mbwa. Ukurasa wa mwisho haukuwa barua, ulikuwa hesabu za shule. Sasa huyo mbwa alikuuma au hakukuuma?

Philippe naye kanichekesha. Aliona bahasha yangu imeandikwa "Kwa mume wangu" akakuna kichwa: "Mama, si tata alikufaka zamani? Uyu bwana wa Joburg anatoka wapi?" Ikabidi nimweleze kwamba kwetu, watu wa Kasai, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Siku uliyozaliwa nilikubeba mbele ya ukoo wote nikasema huyu ni wangu, mwenye wivu ajinyonge. Tangu hapo kazi yako ni kunitukana na kazi yangu ni kukutukana. Akiacha mmoja wetu, ujue ana neno moyoni.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Baba yako anasema daktari wa chuo anataka kukupa dawa ya kichwa. Dawa gani? Umeanza kuokota makopo barabarani? Na usinijibu kwa simu. Simu ya Laure inapiga kelele sebuleni na majirani ndio wanaojibu. Niandikie, na uniandikie mpaka mwisho.

Nimekutumia viwavi vikavu. Kula, mikono yako inafanana na mwiko.

Mke wako halali,
Simone Kanku, soprano ya kwanza (Jocelyne, mwenzangu wa kwaya, aseme anachotaka)


Johannesburg
9 mwezi wa tatu 2024

Mke wangu mzee, mama wa meno manne,

Viwavi vimefika. Gael, kijana wa Likasi aliyehamia chumbani kwangu wiki iliyopita, amekula nusu yake kabla hajajua jina langu vizuri. Mimi ni mzima. Wewe nasikia bado unaimba, poleni sana waumini.

Sijawa kichaa, usifurahi. Nilikwenda kwa daktari kwa sababu chuo kilisema nikishindwa tena mwaka huu, nifungashe. Daktari ni mama mmoja mpole mwenye miwani kwenye kamba. Akaniuliza, ulipokuwa mtoto ulikuwa unapoteza vitu? Nikamwambia nilipoteza kiatu siku ya komunyo ya kwanza, nikiwa nimekivaa. Akaacha kuandika akanitazama. Basi ameniuliza mengi, wiki tatu za maswali, na amesema nina kitu ambacho Wafaransa wanakiita TDAH. Yaani akili ina mafuta ya kutosha ila usukani umelegea. Kuna kidonge. Hakiponyi. Unakimeza asubuhi, unatulia na kazi yako, jioni kimekwisha na wewe ni yule yule.

Lakini anasema kidonge hicho kina madhara yake na lazima tuyachunge. Hamu ya kula inapungua, usingizi unakimbia, moyo unaweza kupiga haraka, jioni kikiisha mtu anakuwa na hasira za bure. Na wengine, dozi ikiwazidi, wanapoa. Hawana huzuni, hawana furaha, wanakaa tu. Kwa hiyo ameanza na dozi ndogo, kila mwezi atanipima uzito na presha, atauliza ninavyofikiri na ninavyojisikia, na ametaka mtu anayenijua vizuri aniangalie, kwa sababu mwenyewe unaweza usijione. Nimempa jina la Gael.

Nimemeza kwa siku nne sasa. Jana nimesoma kitabu cha ramani saa nzima bila kusimama, nikajishangaa, nikasimama kwenda kumwambia mtu kwamba sijasimama. Halafu yule mbwa, nisisahau, hakuniuma, alichofanya ni kwamba siku ile nilikuwa nimebeba ile miguu mitatu ya kupimia, na yeye aliona ule mguu wa katikati, sasa kumbuka kwamba mwenye mbwa ni yule mama anayeuza nguo za mtumba, ambaye nilikuwa sijakueleza kwamba dada yake


Dilala
14 mwezi wa nne 2024

Mume wangu, nusu barua,

Dada yake nini? Jocelyne na mimi tumekaa na barua yako barazani tumeimaliza wenyewe. Kwake yeye, dada wa mwenye mbwa ana mimba yako. Kwangu mimi, hakuna mwanamke wa kukupenda kabla hujajifunza kukata kucha.

Tuko salama. Baudouin ana kikohozi, Laure anauza mafuta ya nywele na amejiunga na kanisa jipya la nyuma ya soko, wanaimba kwa spika mpaka misumari inatoka ukutani. Mimi nimebaki parokiani kwangu. Mvua imekwisha.

Kidonge sina neno nacho. Marehemu babu yako angepewa hicho pengine asingeacha baiskeli tatu sokoni. Ila Gael anakujua tangu lini? Wiki moja! Ni sawa na kumuuliza mgeni wa leo kama nyumba yetu ilikuwa ya kijani tangu zamani. Atasema ndiyo. Ungenipa mimi kazi hiyo. Mimi ninajua ukicheka unatoa sauti ya mbuzi, ninajua uongo wako wote. Lakini sawa, wewe ni mwanaume wa Johannesburg.

Kula.

Simone, mke uliyemtelekeza


Johannesburg
26 mwezi wa tano 2024

Mpendwa Bibi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Mimi pia sijambo. Nimepokea barua yako na nakushukuru.

Masomo yanaendelea vizuri. Katika jaribio la upimaji nimepata alama ya kwanza darasani. Mwezi uliopita niliomba daktari aniongezee dozi kwa sababu niliona inasaidia, naye ameongeza. Uzito umeshuka kidogo. Silali mapema. Daktari alimuuliza Gael kuhusu tabia yangu, na Gael alisema mimi ni mtu mtulivu na niko kama kawaida yangu.

Mbwa hakuniuma. Dada wa mwenye mbwa hahusiki.

Nakutakia kila la heri. Uwasalimie wazazi.

Wako mtiifu,
Mechack Kanyinda


Dilala
23 mwezi wa sita 2024

Mechack, mume wangu, ndiwe huyu?

Baridi imeingia, maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole. Baba yako amepona kikohozi. Sikai sana kwenye salamu.

Nani ameandika barua ile? "Wako mtiifu." Mtiifu kwa nani? Tangu lini? Niliigeuza nyuma nikidhani matusi yako upande wa pili. Nimeisoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na mwisho wenyewe nimeuchukia. Umefaulu, nimefurahi, nimepiga vigelegele mpaka jirani akaja na maji akidhani moto. Lakini wewe mwenyewe uko wapi humo ndani?

Sasa nakupa kitu bure. Jumapili ya Pentekoste, kwenye Utukufu, niliinua mikono, wigi langu likaruka likaanguka ndani ya kapu la sadaka. Padri aliliona akalibariki pamoja na vitu vingine. Hiyo ni yako. Itumie. Kwa kitu kidogo kuliko hicho ungenitukana kurasa nne.

Nina sababu ya kuomba. Jocelyne hayupo tena barazani. Wajukuu wake walianza kumwamkia kwa mikono miwili na kumwita "Bibi mheshimiwa". Yeye akafikiri wamepata malezi. Halafu mmoja akakataa bukari lake, ugali aliousonga mwenyewe. Halafu mchungaji wa lile kanisa la nyuma ya soko akasema kuna mzee anayemla mtoto wa nyumba ile kwa uchawi, na wote wakageuza macho upande mmoja. Sasa anaishi Musonoi kwa dada yake, kando ya shimo, analala na vumbi. Nilimpelekea sabuni na unga. Aliniambia, "Simone, ile bintu ilianzaka na heshima. Balipoacha kunicheka, mi njo nilipashwa kujua."

Nitukane, Mechack. Hata kidogo.

Simone


Johannesburg
21 mwezi wa saba 2024

Mpendwa Bibi,

Natumaini hujambo. Pole kwa tukio la kanisani. Wigi likifungwa kwa pini mbili kila upande halitaanguka.

Nimesikitika kusikia habari za Mama Jocelyne.

Nimefaulu masomo yote ya nusu mwaka. Nimemtumia Mama picha kwenye simu ili mnione. Nimepungua lakini sina ugonjwa wowote.

Ahsante kwa maombi yako.

Wako mtiifu,
Mechack Kanyinda


Dilala
15 mwezi wa tisa 2024

Kwa Bwana Mechack Kanyinda,

Salamu. Nimekaa mwezi mzima na nusu bila kukuandikia kwa sababu sikujua nimwandikie nani.

Picha yako iliifikia simu ya mama yako, na mama yako akakaa chini palepale jikoni. Mashavu yamekwisha, shingo imekuwa kamba. Akaipeleka kanisani kwake. Mchungaji akaweka kidole juu ya kioo cha simu akasema, "Kuko mutu wa ku nyumba anamukula uyu mutoto, kidogo kidogo." Laure hakuniambia. Niliambiwa na mwanamke anayeuza naye mafuta ya nywele, mbele ya wateja.

Halafu ukapiga simu. Wote walikuwepo, spika iko wazi kama kawaida. Mimi nikajikaza nikapaza sauti: "We mwanaume, unikumbuke, bado niko muzuri!" Na wewe ukasema, "Jambo Bibi. Natumaini uko salama." Hata baba yako aliangalia viatu vyake. Niliona macho ya Laure, Mechack. Nimemjua yule binti tangu harusi yake na hajawahi kuniangalia hivyo.

Sasa sahani yangu ina mahali pake, peke yake. Laure anapika, ananiwekea, anaondoka. Analia akidhani simsikii. Simchukii, ni mama, ameona mifupa ya mwanawe. Kikao cha ukoo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, wakati ndugu za baba yako watakapofika kutoka Likasi, na mchungaji atatuma mtu wake. Najua kikao cha namna hiyo kinaishaje. Jocelyne amenitandikia mahali pa kulala kabla sijaomba.

Wao wanasema wanachosema. Mimi nauliza wewe. Uliacha kunicheka tangu mwezi wa tano. Je, unaamini ni mimi ninayekula nyama yako? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukanikojolea kwenye mazishi ya katibu wa kwaya? Kama unaniogopa, niandikie kwa mkono wako mwenyewe, nami nitafunga nguo zangu niondoke bila kungoja kufukuzwa. Usiniandikie tena "mtiifu". Neno hilo limeniumiza kuliko mchungaji.

Simone Kanku


Johannesburg
6 mwezi wa kumi 2024

Kaku wangu, bibi yangu, mke wangu,

Sisalimii. Nisamehe, nitasalimia chini, kama sitasahau.

Philippe alinipa barua yako asubuhi moja kwenye maegesho ya malori. Niliisoma nimesimama. Nikaikunja vizuri, kona kwa kona, nikarudi chumbani. Nimesoma kwamba bibi yangu anaitwa mchawi kwa sababu yangu, kisha nikakaa mezani nikapanga penseli zangu kwa urefu. Nikafanya mazoezi ya ramani. Nilipata yote.

Jioni kidonge kilipokuwa kinaisha, Gael alikuwa anakaanga mayai, na mimi nikaanza kulia bila kuitwa. Nililia mpaka mayai yakaungua. Gael alidhani ni zile hasira zangu za jioni, maana kila siku saa hiyo namgombeza kwa sababu ya kijiko, akaficha vijiko. Nikamsomea barua yako. Nikamsomea na zile zako za zamani, za wigi, za mbwa. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniuliza, "Na we ulimujibu nini?" Nikamwambia nilimshauri pini mbili kila upande. Akaacha kucheka. Akasema, "Bwana, mi nilizani we njo uko vile."

Uliniambia mwezi wa nne. Mgeni na nyumba ya kijani. Nilisoma, nikasahau, kwa sababu nilikuwa bado mimi.

Sikukuogopa hata siku moja. Sikukuchukia. Sikuwa na kitu chochote, Kaku, na hilo ndilo linanitisha. Nilikuwa naona mahali kicheko kinapopaswa kuwa, kama kiti cha mtu aliyetoka, na sikumtafuta. Nilidhani ndiyo kuwa na akili. Nilidhani watu wenye alama nzuri wote wanaishi hivyo.

Nimekwenda kwa daktari na barua zako zote, nimemtafsiria. Ya wigi imemfanya avue miwani. Hakukasirika, ila alisema dozi ile imenizidi, na kwamba nilikuwa namwambia kila mwezi "niko sawa" kwa sauti ya mtu anayesoma kibandiko cha dawa, na yeye alipaswa kushtuka kwa uzito peke yake. Amepunguza. Siachi kabisa, usiniombe, bila kidonge bado ningekuwa kwenye dada wa mwenye mbwa. Nitamwona tena baada ya wiki mbili, na pale kwenye jina la mtu anayenijua, nimefuta Gael nimeandika jina lako. Utaulizwa. Utamwambia ukweli.

Juzi nimekula sahani mbili za bukari la Gael, ambalo ni baya kuliko lako, jambo nililodhani haliwezekani.

Ile siku ya kikao usiondoke nyumbani. Usifunge nguo. Nitatuma kitu kwa simu ya Mama. Barua hii Philippe ameahidi itafika kabla.

Jambo. Habari za goti?

Mechack


(Imepigwa picha ikatumwa kwa simu ya Mama Laure)
Johannesburg
27 mwezi wa kumi 2024

Mama, tafadhali isome kwa sauti mbele ya baba, ndugu zake, na yule mjumbe wa mchungaji kama ameshakaa. Usiruke neno. Kwanza yako wewe: nimekonda kwa sababu ya dawa ya chuo, daktari ameona, amepunguza, nimeanza kula. Ulishtuka kwa sababu unanipenda na hilo halina kosa. Ningekueleza mapema, sikueleza, samahani. Sasa endelea.

Kwa mwanamke anayejiita mke wangu, Simone Kanku, aliyekaa hapo kwenye kiti kizuri kuliko vyote kama kawaida yake:

Mimi mume wako nimechoka. Nilikuoa nikiwa na siku moja ya umri, sikuulizwa, na tangu hapo sijapata amani. Unaimba kama dampa la baba linaporudi nyuma. Bukari lako lina mabonge ambayo wachimbaji wa Musonoi wangeyapeleka kwa mnunuzi. Unakoroma kwa sauti mbili, ya kwanza na ya pili, na bado unasema kwaya haina watu. Wigi lako lilitoroka lenyewe likaenda kwa Mungu, padri akalibariki, na mimi nasema lilikuwa na akili kuliko mimi, maana lilijua pa kukimbilia.

Nasikia watu wanasema unanila. Unile kwa meno gani? Wewe unayelamba hindi la kuchoma mpaka lipoe? Hayo manne uliyonayo hayajasalimiana tangu babu alipokufa. Mtu wa kunila mimi atafutwe mwenye vifaa.

Mnisikie wote. Huyu ni mke wangu. Nikinyamaza tena, msimtazame yeye, mpigieni daktari wangu. Sahani yake irudi mezani leo. Akifukuzwa, nami nimefukuzwa, na Noeli nitashukia Musonoi.

Simone, unanuka mafuta ya nywele ya mama. Nakupenda sana. Jikaze usilie mbele ya wageni, ukilia unatisha.

Mume wako, mwenye miguu mizuri,
Mechack


Dilala
17 mwezi wa kumi na moja 2024

Mume wangu, takataka ya Johannesburg,

Goti limepona nusu. Mvua imerudi na ule ufa wa kijani sasa unavuja maji ya kijani. Baba yako anakusalimu.

Barua yako ya kwanza, ile ya penseli, imefika jana tu! Lori la Philippe lilivunjika ekseli upande wa Zambia. Kwa hiyo ujue kwamba siku ya kikao mimi sikujua kitu. Nilikuwa nimefunga nguo zangu ndani ya kitenge, zimekaa nyuma ya mlango. Nilivaa wigi kwa sababu nilitaka kufukuzwa nikiwa nimependeza.

Ndugu za baba yako wa Likasi walikuwa wamekaa, yule mjumbe wa mchungaji ana Biblia magotini, anangoja kinywaji chake cha munkoyo. Simu ya Laure ikalia. Akaangalia, akasimama, akasema, "Ni ya Mechack. Anasema nisome yote." Mimi nikaangalia mlango. Nilidhani ni hukumu yangu.

Alisoma ile yake akalia kidogo. Halafu akafika kwenye dampa linalorudi nyuma. Akaacha kusoma. Akaniangalia, akaangalia simu. "Mama, anasema... weye unaimba sawa dampa." Na mimi, Mechack, nilikuwa nimengoja tangu mwezi wa tano, nikapiga ukelele uliotoka tumboni: "Ni yeye! Ni bwana yangu! Amerudi!" Baudouin akatoka nje, tukamsikia anacheka kwenye ukuta wa jirani. Laure alipofika kwenye meno hakuweza tena, alikaa sakafuni simu mkononi, baba yako mdogo mmoja akaichukua akamalizia. Mjumbe akasema lazima tuombe dhidi ya roho ya matusi. Baba yako akarudi akamwambia, "Tata, omba ukiwa njiani." Aliondoka bila munkoyo.

Sahani yangu imerudi. Laure alininawisha mikono yeye mwenyewe, na mimi nilimwambia rangi yake ya kijani ni mbaya, tukawa sawa.

Kuhusu kazi uliyonipa, naipokea. Mwambie daktari wako wa miwani ya kamba kwamba mgonjwa anatukana vizuri, anamaliza barua, anatia sahihi, na amesahau kuuliza habari za kikohozi cha baba yake, kwa hiyo kidonge hakijazidi. Kila barua nitaikagua. Nikikuta "natumaini barua hii itakukuta" nampigia simu daktari, hata kwa hiyo simu ya kelele, majirani wote wasikie. Na ukikonda tena, tuma picha kwangu kwanza. Na mikono yako bado ni mwiko. Na hiyo "miguu mizuri" nani amekudanganya?

Kuna jambo moja ninaomba, na hili silitanii. Jumapili nilikwenda Musonoi nikamsomea Jocelyne barua yako yote ya kikao, niliyoinakili kwenye karatasi kutoka simu ya Laure. Alicheka mpaka akatoa kitambaa. Halafu akaanza kuikunja ile karatasi, akaifungua, akaikunja tena. Wajukuu wake wanapita barabarani wanamwamkia, "Jambo Bibi," wanaendelea na safari.

Ukiniandikia, mtukane na yeye kidogo. Hana mtu. Anza na sauti yake ya alto, halafu miguu yake.

Mke wako,
Simone